Wenzangu wamegoma, nami nimetakiwa kufanya kazi yao: nifanyeje?

Muulizaji: Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimeajiriwa ofisini kwa mkataba wa mwaka mmoja, mahali ambapo wafanyakazi wa bohari wamegoma kwa wiki mbili sasa wakidai malipo ya saa za ziada. Najua madai yao ni ya haki, kwa kuwa karatasi za mahudhurio hupita mezani kwangu. Jana msimamizi alinitaka nikashike zamu bohari mpaka mgomo uishe. Mimi si mwanachama wa chama chao, na mkataba wangu unakaribia kwisha. Nataka kuwaunga mkono, lakini nachelea kufanya jambo litakalowadhuru au kunipotezea kazi.

Jibu la kwanza: Ndugu, usiende bohari. Mwajiri huketi kujadiliana pale kazi inaposimama. Kila zamu inayozibwa na mtu mwingine inaurefusha mgomo, na gharama ya siku hizo hubebwa na familia zisizo na mshahara. Hata hivyo, kataa kwa utaratibu. Soma mkataba wako, na ikiwa kazi ya bohari haimo katika majukumu yako, mwandikie msimamizi kwa adabu kueleza hivyo, kisha uhifadhi nakala. Usiishie kusema kwa mdomo.

Jibu la pili: Nakubaliana naye, ila usiache kazi yako ya ofisini ukidhani ndiyo njia ya kuwasaidia. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966, katika kifungu cha 8, unatambua haki ya kugoma kwa sharti la kufuata sheria za nchi husika, na ziko nchi zinazobana au kukataza kabisa mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wengine. Zaidi ya hayo, zile karatasi za mahudhurio usizitoe nje, hata kwa nia njema. Waambie viongozi wa chama wazidai rasmi mbele ya msuluhishi. Wewe hakikisha tu kwamba hazibadilishwi wala kupotea.

Jibu la tatu: Changia mfuko wa mgomo, hata kidogo. Wapagazi wa bandari ya London walipogoma mwaka 1889 wakidai peni sita kwa saa, njaa ilikaribia kuwarudisha kazini kabla ya wakati. Kilichowaokoa ni michango, hasa ile ya zaidi ya pauni 30,000 kutoka Australia, kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kuwaona, na baada ya wiki tano hivi walipata peni zao sita. Lakini kabla ya kutoa chochote, waulize wagomaji wenyewe wanahitaji nini. Nimewahi kuona watu wenye huruma wakiandika barua kwa mwajiri kwa niaba ya wagomaji, wakapendekeza malipo ya chini kuliko yale yaliyodaiwa, na mwajiri akaishikilia barua hiyo.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Barua nimeiandika, na msimamizi ameipokea bila kujibu. Jioni nilikwenda kwa kamati ya mgomo nikauliza, kama nilivyoshauriwa. Waliupokea mchango wangu, lakini ombi lao kubwa lilikuwa jingine: niwaeleze wenzangu wa ofisini madai yao hasa ni yapi, kwa sababu wengi wameambiwa kwamba wagomaji wanataka kupandishiwa mishahara, ilhali wanadai malipo ya saa walizokwisha kuzifanyia kazi. Kesho nitaanza na wawili ninaokaa nao.