Naomba ushauri: ubongo hutambuaje harufu?

Ndugu wanachama, naandaa somo la hisi ya kunusa na nimekwama. Naelewa kwamba binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, kwamba kila seli ya neva puani kwa kawaida hubeba aina moja tu, na kwamba nyuzi za seli zenye kipokezi kimoja hukutana kwenye vifundo vyake maalumu katika balbu ya kunusia (sehemu ya ubongo iliyo juu ya pua, inayopokea taarifa za harufu), mpangilio unaonivutia sana. Lakini kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, seli zinazoitikia harufu moja, tuseme ya moshi, huwa zimetawanyika. Nimechora mchoro mara tatu, nao hukatikia hapo hapo. Je, bila mpangilio kama ule wa kwenye balbu, moshi wa leo na wa kesho hutambuliwaje kuwa kitu kimoja? Na nitumie mfano gani kuwaeleza wanafunzi?