Fondanti inapasuka kona ya juu na kutoa jasho: tatizo nini?

Swali: Jamani, darasani tumefunika keki ya duara ya sentimita 20, kimo 10, kwa fondanti (donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati). Imepasuka kona ya juu, na ikitoka kwenye friji inalowa. Nifanyeje? Niko Dar.

Jibu 1: Konifulawa nyingi mezani hukausha fondanti. Paka mikono mafuta ya mgando kidogo, kanda mpaka ivutike bila kukatika, kisha sukuma unene wa milimita 4. Keki hiyo inataka duara la sentimita 42 hivi. Ukishaitandika, shikiza kona ya juu kwanza kwa kiganja, ndipo ushuke ubavuni. Ukichelewa, uzito wote unaning'inia ukingoni, na hapo ndipo inapochanika.

Jibu 2: Jasho ni unyevu wa hewa unaogeuka matone ya maji kwenye keki baridi. Usiifute, utaacha madoa! Iache ndani ya boksi lililofungwa mpaka baridi iishe, halafu iwashie feni.

Jibu 3: Na sanamu za fondanti za kuweka juu ya keki, kama simba, je? Masikio ya simba yatalala bila CMC (unga wa kukazia fondanti): kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250 za fondanti. Yatengeneze siku mbili kabla.

Muuliza: Kumbe! Mimi nilikuwa nafuta na tishu.