Nani Analipia, Nani Anatazama

Kikundi: BARABARA YA 12 NGAMIANI, TANGA (watu 23)
Jumamosi, Novemba 2025

[16:10] Ba'mdogo Houston: Asalaam aleikum wote. Huku ndiyo kwanza kunakucha, nimekaa na chai yangu na karatasi ya benki. Nasema mapema nisije nikalaumiwa: mwezi huu ukiisha nafunga ile Netflix, ya kutazama filamu mtandaoni, ya nyumba ya Ngamiani. Na huku kwangu nafunga mawili matatu.

[16:11] Mama Pili: Waaleikum salaam shemeji. Kulikoni tena?

[16:12] Mjukuu UDOM: Ba'mdogo shikamoo. Usifanye hivyo jamani nimebakiza episodi nne 😭

[16:13] Ba'mdogo Houston: Marahaba. Nne unazimaliza leo hii hii nakujua.

[16:20] Ba'mdogo Houston: Ngojeni niwape hesabu. Nilipofika huku Marekani nilikuwa nalipa kebo, chaneli zaidi ya mia na mimi natazama tatu. Watu wakaniambia kata kebo, hamia mtandaoni. Mwaka 2011 Netflix dola 7.99. Nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Leo kifurushi cha kati kisicho na matangazo ni 17.99 tangu Januari. Disney+ ilianza 2019 kwa 6.99, mwezi uliopita wameifikisha 18.99. Peacock niliichukua kwa ajili ya ligi ya Uingereza, ilikuwa 4.99, sasa 10.99. YouTube TV ilifunguliwa 2017 kwa dola 35, sasa 82.99. Jumlisheni wenyewe.

[16:22] Mjukuu UDOM: 130.96

[16:22] Mama Pili: Kwa shilingi?

[16:23] Mjukuu UDOM: Laki tatu na ishirini hivi

[16:23] Mama Pili: KWA MWEZI??

[16:24] Mama Pili: Hiyo si kodi ya nyumba nzima Chumbageni, na LUKU unabakiza

[16:25] Ba'mdogo Houston: Ndiyo maana nasema. Nilikimbia kebo, nimeirudia kebo kwa mlango wa uani.

[16:31] Shangazi Reading: Wacheni huyo aseme. Huku kwetu Uingereza kabla hujafungua chochote kuna leseni ya televisheni, paundi 174.50 kwa mwaka. Mimi ninayo kwa sababu ya BBC. Mwanangu hana, hatazami kitu cha moja kwa moja wala iPlayer, ile BBC ya mtandaoni, kwa hiyo haimhusu. Yeye ni Netflix na simu tu. Nikimwambia njoo tutazame taarifa ya habari ananiangalia kama nimemwambia tukatwange mpunga.

[16:33] Binamu Kisauni: 😂😂 Shangazi. Sisi Kenya tulionjeshwa asali. Septemba 2021 Netflix ikaja ya bure, simu za Android, hakuna kadi, hakuna nini. Wallahi nikawa mtu wa maana hapa Kisauni, kila mtu ananiuliza nimetazama nini. Novemba 2023 tarehe moja wakafunga tap. Nikasema sawa, sikuoa.

[16:34] Mjukuu UDOM: Sikuoa 😂😂😂

[16:36] Kaka Tabata: Na huku Tanzania msisahau serikali. Tangu Julai 2022 hizi huduma za kampuni za nje zinatozwa VAT asilimia 18, na juu yake kampuni inadaiwa kodi ya asilimia 2 ya mapato yake ya hapa. Sasa unadhani hiyo mbili anaibeba nani mwishowe? Ni wewe uliyekaa kwenye kochi.

[16:37] Mama Pili: Kaka wewe kila kitu kodi

[16:37] Kaka Tabata: Ndiyo kazi yangu 😀

[16:41] Mjukuu UDOM: Kiukweli bei ya kifurushi siyo inayoniua mimi. Ni bando. Ukitazama kwa picha nzuri saa moja inakula mpaka GB 3. Mimi naweka ile ya kubana data, picha inakuwa kama imepakwa mafuta ya nazi, lakini nafika mwisho. Hapa hosteli wenzangu wanapeleka flashi kwa jamaa wa muvi pale chini. Sizoni nzima buku.

[16:43] Kaka Tabata: Tena hiyo sizoni ishatafsiriwa Kiswahili, na mtafsiri anaongeza ya kwake. Polisi wa New York anamwambia mwizi "nitakupeleka Segerea".

[16:44] Binamu Kisauni: Hiyo ndiyo raha yenyewe yakhe. Ya kwenu ya dola 17 ina mtu wa kusema hivyo?

[16:46] Shangazi Reading: Ni wizi lakini.

[16:46] Binamu Kisauni: Ni wizi shangazi. Sijakataa.

[16:52] Ba'mdogo Houston: Haya turudi kwenye langu. Mnakumbuka zamani sote tulikuwa tunaingia kwa paswadi moja, yangu. Houston, Reading, Ngamiani, Tabata. Netflix wenyewe 2017 waliandika mtandaoni kwamba upendo ni kugawana paswadi. Mei 2023 upendo ukaisha, wakasema akaunti moja nyumba moja. Ndipo nikafungua ya pili kwa ajili ya Bi Mkubwa, nikaiweka kwenye kadi yangu. Ni nafuu kuliko ya huku, sikatai. Lakini leo nimeingia kuangalia nani anatazama nini.

[16:53] Mama Pili: Mungu wangu, kumbe inaonekana?

[16:53] Ba'mdogo Houston: Yote. Na tarehe.

[16:54] Mjukuu UDOM: 🏃🏾‍♀️

[16:58] Ba'mdogo Houston: Kuna picha nne pale mwanzoni, kila anayetazama na yake. "Watoto": katuni moja ile ile, mara ya mwisho mwezi wa nne. "Bibi": haijafunguliwa hata siku moja tangu tuiweke. "Zai": huyu anatazama kweli kweli mpaka nahofia masomo yake. Ya nne imeandikwa herufi moja tu, F. Huyo F ni nani? Kila siku saa tano usiku mpaka saa nane. Drama za Korea. Jana kamaliza moja kaanza nyingine.

[16:59] Kaka Tabata: Si mimi.

[16:59] Mama Pili: F? Fatma?

[17:00] Fatma wa Chuda: Mie?? Mie nalala saa tatu baada ya isha kila mtu anajua. Msinitie mimi

[17:01] Mama Pili: Faraji basi

[17:01] Kaka Tabata: Faraji simu yake ya tochi.

[17:09] Mama Pili: Subirini namuuliza Bi Mkubwa, nimekaa naye hapa hapa

[17:15] Mama Pili: Jamani

[17:15] Mama Pili: F ni Fundi

[17:16] Ba'mdogo Houston: Fundi gani?

[17:17] Mama Pili: Fundi wa dishi. Yule aliyekuja kufunga televisheni mpya mwaka jana. Bibi anasema alikaa na rimoti muda mrefu "anajaribu jaribu", akamuomba aiweke na kwenye simu yake "nione kama inafanya kazi".

[17:18] Kaka Tabata: Mpaka leo anaona kama inafanya kazi 😂😂😂😂

[17:18] Mjukuu UDOM: NIMEKUFA

[17:19] Binamu Kisauni: Fundi huyo apewe nishani

[17:21] Ba'mdogo Houston: Yaani miezi kumi na minne mimi naamka usiku nakwenda kazini ili fundi atazame Wakorea.

[17:22] Shangazi Reading: Pole mdogo wangu. Lakini mimi nina la kwangu la aibu zaidi. Kuna huduma moja, siitaji, nilijiunga kwa siku saba za bure nimtazamie mjukuu katuni. Siku ya nane wakaanza kuchukua paundi tano na ushee. Sikuona. Nimekuja kushtuka mwezi wa nane. Mjukuu mwenyewe alishahama na wazazi wake.

[17:24] Kaka Tabata: Hapo ndipo wanapokula. Si kwenye bei, ni kwenye kusahau.

[17:30] Mama Pili: Bi Mkubwa anataka kusema, ametuma sauti. Wasioweza kufungua nawaandikia:

[17:34] Mama Pili: "Mwanangu wa Houston usiumie kichwa. Mimi hicho sikukiomba, nilikubali kwa kuwa umekileta wewe. Mimi ninacho king'amuzi changu cha Azam. Nikiwa nacho nalipa, nisipokuwa nacho kinakatika, kikikatika nakaa barazani na watu. Hakinidai. Hicho chenu kinachojichukulia benki mtu kalala, ndicho nisichokielewa. Tena kwenye hicho chenu Coastal Union hawachezi."

[17:36] Kaka Tabata: Bibi kamaliza. Ligi Azam waliinunua 2021 kwa miaka kumi, bilioni 225.6. Hata ulipe dola mia tano huko, Wagosi wa Kaya huwaoni Netflix.

[17:37] Binamu Kisauni: Bibi bado na Coastal tu?

[17:38] Mama Pili: Tangu kabla ya ubingwa wa 88. Na rimoti yake ile ile ndani ya nailoni, imefungwa kwa mpira wa kusukia nywele. Namba za katikati zimefutika zote, anabonyeza kwa kukumbuka. Ukiigusa anakuuliza umenawa.

[17:41] Ba'mdogo Houston: Sawa. Nimemsikia. Sikilizeni basi ninavyofanya. Huku kwangu nabakiza moja moja. Mwezi huu Netflix, nikimaliza nilichotaka nafunga, nafungua nyingine. Hakuna mkataba, kufungua na kufunga ni dakika mbili, ni uvivu wangu tu. YouTube TV naifunga leo. Mpira nitabaki na Peacock mpaka Mei. Na hela ya ile ya Ngamiani namtumia Bi Mkubwa kwa simu alipie king'amuzi, kikibaki anywe soda.

[17:42] Mjukuu UDOM: Na mimi? 🥺

[17:43] Ba'mdogo Houston: Wewe chukua kile kifurushi cha simu tu, ndicho cha bei ya chini, ulipie mwenyewe. Ukilipia mwenyewe utajua kama unakipenda.

[17:43] Mjukuu UDOM: Nishajua sikipendi. Naenda kwa jamaa wa flashi

[17:44] Shangazi Reading: Zai!

[17:44] Mjukuu UDOM: Natania shangazi shikamoo

[17:47] Kaka Tabata: Ba'mdogo ukifunga, badilisha paswadi kwanza na ubonyeze toa vifaa vyote. La sivyo fundi anakufuata mpaka huko Houston.

[17:48] Ba'mdogo Houston: Nafanya sasa hivi. Naanza na huyo F.

[17:49] Mama Pili: Shemeji subiri

[17:49] Mama Pili: SUBIRI KWANZA

[17:51] Mama Pili: Bibi anasema usimtoe fundi. Upepo wa juzi umesogeza dishi, picha inakatika katika, na kesho Coastal wanacheza. Fundi ndiye huyo huyo mmoja mtaa mzima anayelijua dishi lile. Ameahidi kuja kesho saa nne asubuhi.

[17:52] Binamu Kisauni: 😂😂😂😂😂

[17:53] Kaka Tabata: Ukimtoa leo usiku kesho haji. Atakuwa na "dharura".

[17:58] Ba'mdogo Houston: Basi namwacha mpaka Jumatatu.

[17:59] Mama Pili: Bibi anasema Jumanne. Yasije yakatokea mengine.