Mrejesho: redio ya gari iliyokuwa ikilia kama nyuki

Wakuu, nimerudi na majibu. Niliuliza juu ya gari langu, Toyota IST: redio ya FM inavuma kama mzinga wa nyuki, na nikipiga resi mvumo unapanda. Wengi mlisema altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka.

Nilianza na ule ushauri wa kusikiliza kwanza kabla ya kununua kitu. Gari limezimwa, swichi imewashwa, redio iko FM: hakuna mvumo. Nikawasha injini, nikacheza nyimbo za flashi: safi kabisa. Nikarudi FM: nyuki. Nikachomoa waya wa antena nyuma ya redio, mvumo ukakata. Kwa hiyo mvumo ulikuwa unaingilia kwenye antena, si kwenye waya wa umeme wa redio. Hapo niliokoa hela ya altaneta, na nawashukuru kwa moyo wote.

Fundi wangu wa Ilala akafungua kitako cha antena juu ya paa. Chini yake kutu tupu, ya rangi ya matofali, nati inazunguka kwa kidole. Arthi, yaani mguso wa antena na bodi ya gari, ilikuwa haipo. Akapiga msasa mpaka bati likang'aa, akakaza. Nyuki wakaondoka.

Ikabaki mikwaruzo kwenye stesheni za mbali. Hiyo ilikuwa chaja ya simu ya bei rahisi kwenye tundu la kiberiti. Ukiichomoa tu, redio inatulia. Bila kujionea mwenyewe nisingeamini.

Jana foleni ya Ubungo nimesikiliza taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho.