Nimechoka na shemeji, leo kaweka sufuria la maharage juu ya santuri ya marehemu baba

Wakuu habari za usiku, na mtakaosoma asubuhi habari za asubuhi, maana mi sijalala na sidhani kama nitalala. Mnamjua shemeji yangu. Yule yule wa uzi wa friji. Aliyekuja kwa siku mbili na leo ni wiki ya tano, begi lake limeshaota mizizi pale sebuleni, mvua ikinyesha litatoa majani. Simtaji jina kwa heshima ya dada, ila nyie wote mnamjua na humu huwa anapita kimya kimya. Shemeji kama unasoma, soma vizuri.

Leo saa mbili usiku kabeba sufuria la maharage, linatoka jikoni sasa hivi, bado linatokota, kaja nalo sebuleni. Kaangalia meza, meza ina kitambaa. Kaangalia mkeka, mkeka upo. Kaangalia kila mahali ambapo Mungu kapaumba pa kuwekea sufuria, halafu kaliweka juu ya The Joshua Tree ya marehemu baba.

Sufuria. La moto. Juu ya The Joshua Tree.

Kwa wadogo zangu msioelewa, hiyo ni albamu ya U2, bendi ya Ireland, ya Machi 1987, na siongelei ya kupakua kwenye simu, ni santuri yenyewe. Baba alikuwa baharia, akainunua Rotterdam akaja nayo mpaka Tanga kaifunga kwenye shuka isipinde. Kava lake ni ile picha nyeusi na nyeupe ya Anton Corbijn, jamaa wanne wamesimama kushoto, nyuma vilima vya jangwa kule Death Valley, maandishi ya dhahabu. Picha hiyo naijua tangu sijajua kusoma. Sasa hivi katikati ya jangwa kuna duara jeusi la masizi (gesi ilikuwa imeisha tukawasha kuni), karatasi imevimba, na ukiinusa inanuka nazi na kitunguu.

Nkamwambia shemeji, hiyo santuri ya baba. Mnajua kanijibu nini? Hata sufuria hajanyanyua. Kachota maharage, kapuliza, kasema, "Si yule mzungu wa miwani anayekula kwa jina la njaa yetu? Acha leo na sisi tule juu yake."

Watoto wakacheka. Dada akacheka! Dada yangu wa tumbo moja!

Yani anayesema hivyo ni mtu ambaye mchango wa msiba ukipita mtaani anaingia chooni, anatoka watu wameshafanya arobaini. Huyo mzungu wa miwani, yaani Bono mwimbaji wa U2, baada ya Live Aid, lile tamasha la kuchangia njaa ya Ethiopia, Julai 1985 pale Wembley hakuishia kupunga mkono, alienda Ethiopia na mkewe wakakaa kambini wiki kadhaa wakifanya kazi. Kwenye kampeni ya Jubilee 2000 aligonga milango ya wakubwa wa Marekani mpaka wakamchoka, anadai madeni ya nchi maskini yafutwe. Sisemi alifuta yeye peke yake. Nasema Tanzania tulikuwemo kwenye waliopunguziwa 2001, na mwaka huo huo ada ya shule ya msingi ikaondolewa, na shemeji, mdogo wako wa mwisho kaanza la kwanza 2002, toa risiti ya ada uliyolipa tuione.

Na hata asingefanya lolote! Lile gitaa la mwanzo linavyoingia taratibu kama basi la usiku, unaona taa mbali kabla hujasikia injini. Na wimbo wa kufungia ni wa akina mama wa Argentina na El Salvador ambao watoto wao walichukuliwa na wanajeshi na hawakurudi. Nikisikia ule wimbo siwezi kuongea na mtu. Ndo shemeji kawawekea sufuria akina mama hao. La moto. Kitambaa kipo mezani.

Mzee_wa_Kaseti: Pole sana mkuu. Swali moja tu, maharage yalikuwa ya nazi?

Muanzisha uzi: Nimeshasema ya nazi, inahusiana nini sasa??

Binti_Pangani: Nimecheka mpaka nimeamsha nyumba nzima. "Acha leo na sisi tule juu yake." Shemeji kamaliza mwaka.

Kichwa_Ngumu: Shemeji kakosea pa kuweka ila hoja anayo. Wale Band Aid 1984, wanamuziki waliokusanyika kuchangia njaa ya Ethiopia, wanaimba kuuliza kama hao watu wanajua ni Krismasi, wanauliza Ethiopia! Nchi ina Ukristo tangu karne ya 4, na Krismasi yao ni Januari 7. Na ule mstari mbaya kuliko yote mle ndani, wa kumshukuru Mungu kuwa ni wao na si wewe, kaimba nani? Wa miwani. Halafu 2006 Ireland ikaweka kikomo kwenye msamaha wa kodi wa wasanii, U2 wakahamishia sehemu ya biashara Uholanzi. Yani madeni yetu yafutwe na kodi ya kwao waikwepe.

Muanzisha uzi: Kodi ni kodi na sufuria ni sufuria. Sijasema ni malaika. Anayetaka kumsema amseme mchana kutwa, ila asimpikie juu. Kitambaa KILIKUWEPO.

Wa_Muscat: Mnasahau kubwa. Septemba 2014 hao hao wakakubaliana na Apple, albamu yao mpya ikaingizwa kwenye akaunti za watu milioni 500 bila hodi. Mi huku nimelala, naamka nakuta wamekaa katikati ya taarabu zangu. Kelele zikawa nyingi mpaka Apple wakatoa njia maalum ya kuifuta. Kwa hiyo mkuu, wao ndo walianza kuweka vitu vyao juu ya vitu vya watu bila ruhusa. Shemeji kalipiza.

Binti_Pangani: Uzi ufungwe, kesi imeisha hapa.

Mtoto_wa_Forodhani: Mnahangaika na Waairishi wakati mwenyewe wa rock kazaliwa Unguja 1946. Freddie Mercury wa bendi ya Queen, siku hiyo hiyo ya Live Aid, dakika kama 20 tu, uwanja wote mikono juu. Na hakumhubiria mtu.

Kichwa_Ngumu: Angehubiri nini, wakati 1984 Queen walienda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, wenzao wamesusa? Mwaka uliofuata Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa Marekani, akakusanya wanamuziki kibao kuimba kwamba hawatakanyaga huko. Na wa miwani alikuwemo, hapo nampa haki yake.

Muanzisha uzi: ASANTE. Mwambie na shemeji.

Kichwa_Ngumu: Ila sijamaliza. Live 8, Julai 2005, tamasha la kuisaidia Afrika, Waafrika wengi wakapelekwa Cornwall huko pembeni kabisa, wakubwa wakabaki Hyde Park, London. Kama wageni wa harusi waliokalishwa jikoni.

Ras_Mwanza: Wote hao hawamfikii Bob Marley. Aprili 1980 uhuru wa Zimbabwe, vyombo kasafirisha kwa hela yake, mabomu ya machozi yakalipuka uwanja wa Rufaro na bado akarudi jukwaani. Hakuna miwani hapo.

Mama_Wawili: Mi ya muziki siyajui, naongelea mashemeji. Wangu alikuja na pasi mbovu akaondoka na yangu nzima. Nikampigia akaniambia "shemeji, pasi si zinafanana."

Mzee_wa_Kaseti: Wangu anakunywa maji ya friji halafu anarudisha chupa tupu. Kwa utaratibu kabisa, na kifuniko anafunga.

Mama_Wawili: Wa chupa tupu ni wengi, huyo ana ndugu yake kila nyumba.

Muanzisha uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Masizi yanatokaje kwenye karatasi? Santuri yenyewe nimeijaribu, inaimba, ila upande wa pili imepinda kidogo, sindano inapanda na kushuka.

Fundi_Gramafoni: Usitie maji hata tone. Chukua nyama ya mkate mkavu, gusa gusa taratibu, usisugue. Santuri iweke katikati ya vioo viwili, vitabu vizito juu, mahali pasipo na jua.

Binti_Pangani: Au sufuria juu.

Muanzisha uzi: We dada!

Mzee_wa_Kaseti: Samahani, narudi kwenye swali langu. Hiyo nazi ilikuwa ya kukuna au ya pakti?

Mama_Wawili: Ya pakti haiwezi kunukia mpaka ikaingia kwenye karatasi. Hiyo imekunwa.

Mtoto_wa_Forodhani: Inanukia vizuri tu hata ya pakti, mnaitia mapema ndo maana inakatika. Tui zito mwisho, moto umeshapungua.

Ras_Mwanza: Mwanza maharage tunaunga na karanga, nyie watu wa pwani mmezidi.

Mama_Wawili: Karanga kwenye maharage?? Huyu naye afunguliwe uzi wake.