Gumzo la kitongoji: mbuga ifungwe au isifungwe?

Mwenyekiti wa Kitongoji: Mwangaluka ndugu zangu. Kesho saa 3 asubuhi tukutane chini ya mkwaju. Ajenda ni moja tu: eneo la wazi la kijiji, yaani mbuga yetu ya malisho, lifungwe, mifugo isiingie, miti na nyasi zirudi.

Baba Shija: Mwenyekiti, na ng'ombe waende wapi? Mimi ninao 7. Wenye makundi makubwa wana ngitili zao, malisho yao ya akiba, wamezungushia miba. Sisi wengine ngitili yetu ni hiyo mbuga.

Mwalimu: Nimetuma picha ya jana jioni, itazameni. Huo ni mgunga. Haufiki urefu wa kidole, lakini shina lake limekomaa kama fimbo. Kila masika unachipua, kila kiangazi mbuzi wanauguguna. Mizizi iko hai! Tukiuacha tu, utakua wenyewe.

Mama Kulwa: Kweli Mwalimu. Leo nimetoka kutafuta kuni tangu alfajiri, nimerudi saa 5 na kifurushi cha kupikia siku mbili.

Kijana wa Bodaboda: Basi lifungwe moja kwa moja. Tuweke mizinga ya nyuki, tupate asali.

Baba Shija: Mdogo wangu, hilo la "moja kwa moja" ndilo linanitia hofu. Mjomba wangu alihamishwa na mifugo yake kutoka Ihefu, kule Mbeya, mwaka 2006, wakaambiwa ni kwa ajili ya maji ya Mto Ruaha. Aliishia Lindi, na ng'ombe wengine walimfia njiani. Nikisikia "kufunga" tumbo linanikata.

Mwalimu: Pole sana Baba Shija. Ila mto ule ulikuwa unakauka kiangazi tangu mwaka 1993, na kilimo cha mpunga nacho kilichangia. Wafugaji na wakulima hawakulaumiwa sawasawa.

Mjukuu wa Babu: Babu kaniambia niandike maneno yake. Anasema: "Mimi nilikuwepo HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986. Shinyanga ilikuwa nyeupe. Wakoloni walifyeka vichaka kuwafukuza mbung'o, pamba ikamalizia. Ngitili tulifunga mvua zikianza, tukafungua kiangazi, kipande kwa kipande. Walitangulia ndama, ng'ombe wa kukamua na waliodhoofu. Aliyevunja utaratibu, dagashida, yaani baraza letu la jadi, ilimtoza faini, awe tajiri awe maskini. Ngitili zikaenea mkoa mzima, zaidi ya hekta 300,000."

Mama Kulwa: Shikamoo Babu. Hapo kwenye tajiri na maskini ndipo penyewe.

Mwalimu: Babu, ng'ombe nakubali, wanakula nyasi. Mbuzi je? Penye miche mimi nasema wasikanyage miaka mitatu.

Baba Shija: Mitatu! Mbuzi ndio ada za watoto, Mwalimu, wewe mwenyewe unajua.

Mama Kulwa: Mwenyekiti, kwenye muhtasari iandikwe tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua. Na kwamba aliye na ngitili yake haingizi kundi kwenye yetu. Bila hayo mawili mimi sinyooshi mkono.

Mwenyekiti wa Kitongoji: Nimeyaandika. Kabla ya mkutano tukazunguke wote tuone ni kipande gani kianze. Saa 1 kamili, tukutane lamboni.

Mwalimu: Nitakuja na kamba ya kupimia.

Baba Shija: Nitakuwepo. Ng'ombe nitakuja nao, hawana pengine pa kwenda.