Naomba ushauri: Mwanangu ameifanya filamu ya Whiplash kuwa mwongozo wake

Ndugu zangu, salaam. Kijana wangu anayejifunza kupiga drams ameitazama Whiplash, filamu ya Damien Chazelle ya mwaka 2014, na tangu hapo anaamini kwamba mwalimu asiyetukana wala kupiga hawezi kutoa mwanamuziki wa maana. Anayemvutia ni Fletcher, mwalimu mkali wa muziki katika filamu hiyo, aliyeigizwa na J.K. Simmons (na kwa kweli tuzo ya Oscar aliistahili), hususan pale anapomzaba makofi Andrew, mwanafunzi wake mpiga drams, huku akimtaka aseme kama anawahi au anachelewa mapigo. Nimemweleza kwamba kisa cha mpiga saksofoni wa jazz Charlie Parker kurushiwa toazi kichwani, ambacho Fletcher anakitumia kuhalalisha ukatili wake, kimetiwa chumvi, kwa kuwa mpiga drams Jo Jones alilitupa sakafuni, karibu na miguu ya Parker, lakini hasikii. Sasa anafanya mazoezi hadi viganja vinachubuka, anavificha kwa plasta, na anataka nimhamishie kwa mwalimu anayesifika kwa ukali. Mliowahi kulea au kufundisha wanamuziki, je, nikubali kwa masharti, au nikatae, na nikikataa nifanyeje ili nisiizime ari yake? Na mwalimu huyo nimuulize nini kabla ya kumkabidhi mtoto?